Vigingi Nyuma ya Zizi

Kila asubuhi Nailantei alikamua ng'ombe wake watano. Akimaliza, alisimama na kibuyu mkononi akaangalia nyumba ya Virginia, ng'ambo ya barabara. Paa jekundu. Geti jeusi. Madirisha marefu kama ya benki.

Virginia alikuwa mtu mwema. Alipohamia hapa nje ya Kitengela, aliwaita majirani wote wanywe chai. Wanawake wengine waliisifu nyumba. Nailantei alishindwa. Alirudi kwake, akaanza kumsumbua mume wake, Simel.

"Baba Soipan, sisi ni watu wa mabati mpaka lini? Hata kanisani naona aibu. Uza kipande tujenge."

"Kipande gani?"

"Hata hapo nyuma. Ng'ombe watano wanataka ekari kumi za nini?"

Aliimba wimbo huo miezi sita. Mwishowe Simel alichoka, akaita dalali.

Jumanne moja Nailantei alikuta vigingi vyekundu nyuma ya zizi. Alivifuata. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilikuwa ng'ambo ya bwawa wanalonyweshea ng'ombe. Bwawa lote lilikuwa upande wa mnunuzi. Alikimbia kumtafuta Simel.

"Baba Soipan! Wamechukua maji!"

"Si wewe ulitaka nyumba? Mnunuzi hataki shamba bila maji. Alhamisi tunaenda kwa bodi ya ardhi. Ukiulizwa, sema umekubali. Nimeshatoa neno langu. Usiniaibishe."

Simel hakuwahi kumpiga. Lakini siku hiyo Nailantei aliogopa hata kumtazama.

Alikimbilia mjini kwa Rebecca, mama mzee wa kanisa lao, anayeishi chumba kimoja cha kukodi. Alimkuta akipanga mitungi ya maji mlangoni.

"Takwenya, Nailantei," Rebecca alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko, yeyo," aliitikia, kama binti kwa mama yake. Akamweleza yote, akilia.

Rebecca aliweka mtungi chini kwa kishindo.

"Mwaka wa 2009, ule wa ukame, madalali walikuja na viatu safi. Jirani alikuwa amenunua pikapu, na mume wangu akataka kuuza shamba anunue yake. Bodi ikaniuliza, mama, umekubali? Nikaogopa. Nikasema ndiyo. Pikapu ilikufa. Ng'ombe wakaisha. Leo mimi, niliyeolewa kwenye boma lenye bwawa, nanunua maji kwa mtungi! Na siko peke yangu. Angalia wamama wangapi wa kanisa letu wanakaa hivi. Nani alituambia tunaweza kukataa? Hakuna hata mmoja!"

"Kwani naweza kukataa?"

"Sikia vizuri. Shamba la familia haliuzwi kama mke hajakubali. Hiyo ni sheria. Ukisema hapana, haiendi mbele. Na hakuna mtu anaruhusiwa kukutisha."

"Lakini yeyo, ni mimi nilianza."

"Basi ni wewe utamaliza. Ile amri ya mwisho kati ya zile kumi inakataza nini?"

"Kutamani ng'ombe wa mtu. Na punda wake."

"Kabla ya hao?"

Nailantei aliinamisha kichwa. "Nyumba."

"Nyumba ya jirani! Mungu anatujua. Hakatazi mtu kujenga. Jenga polepole kwa maziwa yako. Lakini usiuze maji ya watoto wako kwa sababu ya paa la mtu. Mwambie Simel kwanza, nyumbani. Muombe msamaha."

Jumatano Nailantei alimwambia Simel kwamba atakataa, akamuomba msamaha. Simel aliacha chakula mezani, akatoka nje.

Alhamisi walikaa mbele ya bodi. Mnunuzi alikuwa anatabasamu. Mwenyekiti akauliza, "Mama, umekubali kwa hiari yako?"

Nailantei alisikia Simel akipumua kando yake. Akilini aliiona mitungi ya Rebecca.

"Hapana," alisema. Sauti ilikuwa ndogo. Akarudia. "Hapana. Mume wangu hana kosa. Nilitamani nyumba ya jirani, nikamsukuma. Sasa nakataa."

Mwenyekiti akafunga faili. "Basi hakuna kuuza hapa."

Walipofika nyumbani, Simel alienda moja kwa moja nyuma ya zizi. Nailantei alimfuata kwa mbali. Simel alishika kigingi cha kwanza kwa mikono miwili, akaking'oa. Akageuka.

"Mama Soipan, unaangalia nini? Shika hiki. Zizi la ndama linahitaji miti." Halafu akasema polepole, "Hata mimi sijalala vizuri tangu wapigilie hivi vitu."

Januari jua lilikausha kila kitu. Bwawa lilibaki na maji, na ng'ombe walibaki na maziwa. Nailantei alianza kumuuzia Virginia lita mbili kila siku. Kwa hayo maziwa alinunua mawe kidogo kidogo, ya chumba kimoja tu.

Asubuhi moja alisimama kwenye lile geti jeusi, akainua macho kuangalia paa jekundu.

"Mama Jackie," alimwambia Virginia, "nyumba yako ni nzuri."

Safari hii kusema hivyo hakukumuuma.