Shemeji wa Dirishani

Kwaru.

Ukucha mmoja, polepole, kwenye kioo.

Vifungo aliinua uso kutoka kwenye kitabu, akasikiliza. Ilikuwa saa saba usiku. Jengo zima lilikuwa limelala fofofo, na mwanawe wa miezi saba alikuwa kifuani pake akikoroma kidogo kama paka. Labda ni tawi, alijiambia, kisha akakumbuka kwamba hakuna mti. Labda ni panya basi, kisha akakumbuka kwamba yuko ghorofa ya tatu, na nje ya dirisha lile hakuna kibaraza, hakuna bomba, hakuna hata msumari wa kushika, ni ukuta mtupu mpaka chini.

Kwaru... kwaru...

Na yeye ndiye aliyesema neno lile. Sasa hivi tu. Kwa kinywa chake mwenyewe.

Lakini bila kukijua kitabu huwezi kuijua hofu yake, kwa hiyo tuanze jioni, pale alipopitia meza ya Bi Mkasi kuchukua zamu yake ya kusoma.

Walikuwa wanawake sita katika kiwanda kidogo cha kushona sare za shule. Majina ya kuzaliwa waliyaacha mlangoni pamoja na viatu. Humo ndani mtu aliitwa kazi yake. Yeye alishona vifungo, basi akawa Vifungo. Mwanamke mrefu, mkimya, aliyepiga pasi pale kwenye kona, alikuwa Pasi. Na mama mtu mzima aliyekata vitambaa, ambaye hata bosi alimwogopa, alikuwa Bi Mkasi. Kitabu kililetwa na Bi Mkasi. Binti yake alikisahau nyumbani: riwaya ya vijana, jalada limekunjika pembe, kijana mzuri amechorwa mbele na macho ya rangi ya moshi. Hadithi yenyewe ni ya msichana wa miaka kumi na saba na kijana aliyezama kisimani, anayerudi kila usiku kusimama dirishani kwake, nguo zimelowa chepechepe, kumwomba amruhusu aingie.

Wiki mbili kiwanda hakikuzungumza kitu kingine. Walimwita yule maiti Shemeji.

"Jana Shemeji kavua shati!"

"Kavua, au limelowa?"

"Limelowa! Limemganda mwilini!"

"Jamani, nipeni maji ya kunywa."

"Mnajua kwamba huyo ni marehemu, wanangu?" Bi Mkasi aliwauliza juu ya miwani.

"Afadhali marehemu anayekuja kila usiku," Vifungo alisema, "kuliko dereva wangu wa lori anayekuja mwisho wa mwezi akinuka dizeli." Wakacheka mpaka cherehani zikasimama. Pasi peke yake hakucheka, alitabasamu tu ndani ya mvuke wake.

Vifungo alikuwa akisema kweli zaidi ya walivyodhani. Tangu ajifungue hakuwa amesoma kitu zaidi ya maandishi ya kopo la maziwa. Sasa vyombo vililala vichafu, nepi zikangoja kwenye beseni, na yeye alikuwa kitandani na moyo wake unadunda kama wa kidato cha pili, anasoma kwa sauti, kwa sababu mtoto alilala tu akiisikia sauti ya mama yake. Kila mhusika alimpa sauti yake. Sauti ya kijana aliitafuta kwa siku mbili mpaka akaipata: ya chini, ya taratibu, kama mtu anayeongea mdomo ukiwa karibu na sikio lako.

Ikafika mahali wakagombea zamu. Bi Mkasi akachoka na kelele. Akachukua kisu cha kukatia vitambaa, akakilaza kitabu mezani, akapima unene kwa vidole, akakikata mgongo vipande sita.

"Bi Mkasi! Kitabu hakikatwi!"

"Kitambaa kinakatwa, na shati unalivaa. Chukueni. Kila mtu na kipande chake, kesho mpokezane."

Hakuangalia sura inaanzia wapi wala inaishia wapi. Aliyezoea kukata nguo mia kwa mpigo huangalia vipimo tu, hasomi. Jioni ile Vifungo akapewa kipande cha tatu. Cha nne alikuwa nacho Pasi.

Basi ndiyo hivyo. Usiku ule, mtoto kifuani, taa inawaka, alisoma kipande cha tatu kwa pumzi moja mpaka mistari ya mwisho. Msichana amesogea dirishani hadi pumzi yake imetia ukungu kwenye kioo. *Niruhusu niingie*, kijana anasema. Msichana anafumba macho, anafungua kinywa, anasema,

Basi. Karatasi imekatwa. Hakuna kingine.

"Bi Mkasi, Mungu anakuona," Vifungo alinong'ona huku anacheka. Lakini sauti iliponyamaza, mtoto akaanza kulalama, usingizi unamtoka. Mama akaharakisha kuendelea, kwa sauti ile ile ya kubembeleza, akamtungia msichana jibu kutoka kichwani mwake. Jibu ambalo yeye mwenyewe angelitoa.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani, mpenzi."

Na ndipo...

Kwaru.

Mara ya tatu haikuwa kukwaruza. Ilikuwa komeo. Komeo la dirisha, ambalo kila siku lilihitaji nyundo, likainuka lenyewe taratibu bila kelele. Pazia likavimba, umbo la bega likapita chini ya kitambaa, kisha pazia likarudi mahali pake.

Hakuna mtu.

Harufu ndiyo iliyoingia. Ya nguo mbichi iliyofungiwa siku nyingi, na chini yake harufu ya matope.

Chwa.

Alama ya mguu ikatokea sakafuni, imelowa, vidole vitano.

Chwa. Nyingine, karibu zaidi.

Taa ilikuwa inawaka, na hilo ndilo lililomtisha kuliko giza: aliona kila kitu, na hakuona kitu. Mlango ulikuwa upande wa pili, na nyayo zile zilikuwa kati yake na mlango. Akambana mtoto kifuani. Mtoto akafungua macho, akatazama juu, juu ya bega la mama yake.

Akacheka.

Vidole vya Vifungo vilitafuta simu chini ya mto vyenyewe. Pasi alipokea kabla ya mlio wa pili.

"Dada..."

"Mbona unanong'ona?"

"Msichana alisema nini?"

"Msichana gani saa hizi, mdogo wangu? Umechanganyikiwa?"

"Kwenye kipande chako. Mstari wa kwanza kabisa. Nisomee. Dada, nakuomba, nisomee sasa hivi."

Karatasi zikachakarika upande wa pili. Pasi alikuwa macho. Naye alikuwa anasoma.

"'Hapana,' akasema. 'Rudi ulikotoka.'" Pasi akafunua kurasa. "Kijana anaondoka, analia. Hamfungulii kitabu kizima, nimechungulia mbele. Kwani vipi?"

"Mimi nimesema karibu."

Karatasi zikaacha kuchakarika.

"Nimesema kwa sauti, dada. Na kuna mtu humu."

Kisha, akiwa na roho mkononi, akageuza uso kuelekea pale nyayo zilipokomea, akasema jinsi kitabu kilivyosema. "Hapana. Rudi ulikotoka."

"Umeshanikaribisha."

Aliijua sauti ile. Ya chini, ya taratibu, karibu na sikio. Ndiyo sauti aliyoitafuta kwa siku mbili, aliyoitoa kwenye koo lake mwenyewe.

Tone la maji likaanguka kwenye paji la uso wa mtoto.

"Nasikia baridi," sauti ikasema. "Huyu ana joto."

Mkono mdogo wa mtoto ukanyanyuka hewani, kidole kimenyooka, kama mtoto anayeshikwa na mtu mzima ili aongozwe njia. Mama akamvuta. Mkono haukurudi. Akamvuta tena, mtoto sasa analia, na kidole kile kinabadilika, kinakuwa cheupe, kisha kama cha buluu, na weupe unapanda, unafika kwenye kifundo...

"Mwache! Mwache mwanangu! Nichukue mimi!"

"Wewe una mtu wako," sauti ikasema, bila hasira yoyote.

"Nimemsikia," Pasi alisema kwenye simu, polepole sana. "Weka spika."

"Dada..."

"Weka spika, mdogo wangu."

Akaweka. Sauti ya Pasi ikajaa chumbani, kavu, ya mtu aliyezoea kuongea na ukuta. "Wewe kijana. Hapo pana mama na mtoto, na kitanda ni kimoja. Mimi nina miaka arobaini na sita. Sahani yangu moja, kikombe changu kimoja. Dirisha langu liko wazi."

Vifungo alijua neno gani linafuata. Angeweza kusema, dada, usilitamke. Ni maneno mawili tu, na muda alikuwa nao. Mkono wa mtoto ulikuwa umeshabadilika rangi hadi kwenye kiwiko.

Akafunga mdomo.

"Karibu," Pasi alisema.

Mkono wa mtoto ukaanguka. Pazia likavimba, likatulia. Harufu ikatoka chumbani kama maji yanayokwenda chini kwenye shimo la bafu. Na ndani ya simu, kwa mbali, sauti ikasikika. Ukucha kwenye kioo. Kisha Pasi akavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyeingia kwenye maji ya baridi.

"Jamani," alisema. "Kumbe mzuri hivi?"

Simu ikakatika.

Alipiga mara ishirini. Haikupokelewa. Alisugua mkono wa mtoto mpaka ukawa mwekundu, mpaka mtoto akalia kwa hasira, na kilio kile alikipenda kuliko wimbo wowote. Kulipopambazuka tu akamfunga mgongoni, akashuka ngazi mbilimbili, akakimbia hadi kiwandani akiwa amejiandaa kuambiwa kwamba mtu amefariki.

Pasi alikuwa kwenye kona yake, anapiga pasi.

Alikuwa amejipaka wanja. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu, na haikuwa rangi ya kupaka. Kila shati alilolipitishia pasi ya moto liliinuka mezani likiwa limelowa.

"Dada yangu." Vifungo alimsogelea. "Nisamehe. Ningekuzuia. Nilikuwa nimefungua mdomo, kweli tena, nili..."

"Hukufungua," Pasi alisema, bila lawama. "Na ungefungua ningekushangaa. Mama ni mama."

"Leo uje ulale kwangu. Tutatafuta watu, tutatafuta dua, hatutakaa hivi hivi tu."

"Nilale kwako niache nyumba yangu ina mgeni?"

Bi Mkasi aliita kutoka mezani kwake. "Pasi! Kipande cha nne kiko wapi? Wenzako wanangoja!"

"Kimeungua, Bi Mkasi! Nilikisogeza karibu na pasi!"

"Wewe na umri wako wote huo!"

Pasi akainama, akamnong'oneza Vifungo, na pumzi yake ilikuwa baridi kama mlango wa friji uliofunguliwa. "Nimekichoma mwenyewe. Pale msichana anapomfukuza. Sitaki alisikie tena neno lile." Akaligeuza shati, akalinyoosha kola kwa uangalifu, kama siku zote. "Sasa apa. Humwambii mtu."

"Dada, watu wakijua wanaweza kukusaidia."

"Watataka kumtoa. Na akitolewa kwangu..." Hakuangalia mgongoni kwa Vifungo, ambako mtoto alikuwa amelala. Aliangalia pasi yake tu. "Katika nyumba zote za mji huu, ni ngapi ameshakaribishwa?"

Mbili. Vifungo alihesabu, hakuhitaji kuhesabiwa na mtu. Mbili tu.

Akaupeleka mkono nyuma, akaukamata mguu mdogo wa mwanawe, wenye joto, akaushika.

"Sitamwambia mtu, dada," alisema. "Si Bi Mkasi, si mama yangu, si baba yake akirudi. Naapa. Hakuna mwingine atakayejua."