Sikio la Mbuzi wa Bibi

Jamani, damu!

Nilifungua mlango wa uani nikamkuta Feisal, mchumba wangu, amemkalia mbuzi wa Bibi. Mkononi mkasi. Kipande cha sikio anakitia ndani ya kichupa...

"Feisal! Wafanya nini?"

"Sampuli ya utafiti wa chuo. Tulia, bibie, ni kama kukata ukucha."

Ukucha!

Wasomaji wangu, mbuzi yule Bibi alimlea kwa mkono wake hapa Bongwe, amchinje Idi Kubwa. Udhiya yake ya kwanza maishani... na ya mwisho, maana figo zake zimekwisha.

Na mbuzi wa udhiya sharti awe mzima. Akikatwa sikio, hafai. Mwingine hatuna, na wa kununua hatuna uwezo.

"Ulimwomba Bibi ruhusa?"

"Alikuwa anaswali."

"Si ungengoja atoe salamu?"

"Muhsina, mimi ni mkwe wa nyumba hii! Niombe ruhusa kwetu?"

Eti kwetu! Hata mahari hajaleta!

Maalim wa msikiti alikuja, akalishika sikio, akatikisa kichwa. Bibi akarudi kwenye mswala wake.

Kesho yake akaja Daktari Kanze, mkuu wa utafiti, na Feisal nyuma yake.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa. Alimgeukia Feisal.

"Nilikwambia uombe ruhusa kwanza. Tena nilikwambia unyoe manyoya tu! Nani alikutuma ukate?"

Manyoya, jamani! Manyoya!!

"Mbuzi wa watu wengine niliwanyoa," Feisal akanong'ona. "Niliomba nyumba kwa nyumba. Hapa niliona... ni kwetu."

Mnasikia? Wageni waliheshimiwa. Sisi, kwa kuwa tulimpenda, tukakatwa.

Daktari alimfukuza kazi palepale. Sampuli nayo akaitupa, iliyochukuliwa bila ruhusa haifai. Kuhusu mbuzi mwingine, kamati ya chuo itakaa.

"Lini?" nikauliza.

"Baada ya Idi."

Posa nimeirudisha. Leo ndiyo Idi. Majirani wametuletea nyama, Bibi hajaigusa.

Nyinyi mnaotafiti watu na wanyama, ulizeni kabla ya kugusa. Na kwenu ndiko muulize mara mbili! Radhi ya baadaye hairudishi kitu.

Bibi amenishika mkono sasa hivi.

"Usilie, mjukuu wangu. Mwakani, inshallah, tutafuga mwingine."

Mwakani...