Aliyebaki na Diski

Nilirudi Kaptarit jioni hiyo kufunga madirisha tu. Fundi alikuwa ameyaacha wazi rangi ikauke, na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Solai.

Kaptarit ni shule ya chumba kimoja: kuta za mawe, paa la mabati, imejengwa na vibarua wa shamba la mzungu ili watoto wao wasome. Kamati ya urithi ilinipa kazi ya kuandika historia yake kwenye ubao wa maonyesho. Nina digrii mbili na nyumba ya kupanga Milimani, kwa hivyo niliandika vile wafadhili hupenda. Mwanga wa elimu. Wazee wenye maono. Neno kiboko sikuliweka.

Mwanafunzi wa zamani aliyebaki hai alikuwa mmoja, Kogo Cheruto. Kogo ni nyanya, na mimi nilimwita hivyo ingawa si wangu. Aliishi chini tu ya shule. Fundi alipokuta kipande cha mti juu ya boriti, kikubwa kama kiganja, kina tundu na kamba, ni yeye niliyempelekea.

Hakukigusa.

"Hiyo ni diski. Ukisikika ukiongea Kikalenjin, unavalishwa. Ukitaka kuivua, unamtafuta mwingine aongee. Unamvizia. Jioni, aliyebaki nayo anachapwa."

"Mnamvizia nani?"

"Rafiki. Rafiki ndiye rahisi." Alitema mate pembeni. "Choma hiyo kitu."

"Ni urithi, kogo."

"Urithi ni ng'ombe."

Nilicheka. Kisha nikaenda kuitundika kwenye msumari kando ya ubao, mahali wageni wangeipiga picha vizuri.

Sasa, jioni hiyo. Nilifunga dirisha la kwanza, la pili. Ndani kulikuwa na harufu ya rangi mbichi, na chini yake harufu nyingine... chaki, na moshi wa nguo za mtoto aliyelala jikoni. Mvua ikapiga mabati. Ufunguo ukaniponyoka, ukalia sakafuni, ukanyamaza.

Nilipiga magoti katikati ya madawati. Giza lilikuwa limeingia mle kabla ya nje. Nilikuwa bado napapasa sakafuni, mkono mdogo ukaniwekea ufunguo kiganjani.

Mdogo. Baridi.

"Kongoi," nikasema.

Hivyo tu. Asante. Ndivyo nilivyofundishwa kijijini, ukipewa kitu unasema kongoi kabla hata ya kuangalia ni nani amekupa.

Halafu sauti ya mtoto sikioni, polepole, kama inanihurumia.

"Umesema."

Kamba ya diski ilikuwa shingoni mwangu.

Sikumbuki nilivyofika kwenye gari. Nakumbuka mkasi ukiteleza juu ya kamba kama juu ya maji. Nakumbuka mlio wa kiboko, fyuu, ndani ya gari lililofungwa, na viganja vyangu vikiwaka kwenye usukani. Kesho yake vilikuwa na mistari. Daktari mjini alisema ni rangi, nina mzio. Jioni, fyuu. Jioni iliyofuata sikuweza kushika kijiko.

Nilijua la kufanya. Maelezo nilikuwa nayo, tena niliyarekodi mwenyewe.

Nilimpigia mama simu Ravine. Ndiyo, mama yangu mzazi. Akaniambia, "Hello, dear." Mama amesema Kiingereza na mimi tangu nizaliwe, ili watu wa kanisani wasikie. Nikasema nilitaka tu kumsalimu. Marafiki zangu wa Milimani ni hivyo hivyo. Ningeweza kwenda sokoni nimvizie mama wa mboga nisiyemjua. Lakini rafiki ndiye rahisi.

Nikanunua mkate na maziwa, nikajifunga skafu, nikaenda kwa Kogo Cheruto.

Alikuwa nje anapukuchua mahindi.

"Umefunika shingo, na jua lote hili," akasema.

"Nina mafua, kogo."

Akaangalia viganja vyangu. Akaendelea kupukuchua.

"Aliitwa Chepchumba. Tulikaa dawati moja. Diski ilikuwa kwangu siku hiyo na jua lilikuwa linashuka. Nikampa kiazi cha kuchoma. Chakula hakikuwepo, mwaka ule. Akasema asante kwa lugha ya mama yake." Punje zikaanguka kwenye ungo. "Nilikuwa nangoja hiyo."

"Akachapwa?"

"Akachapwa. Usiku mwili ukachemka, hakuamka. Asubuhi tukaambiwa tukae kimya darasani."

Nilikuwa nimeshika mkate kwa mikono miwili, nimemnyooshea. Ningeweza kuurudisha kwenye mfuko. Ningeweza kumwambia, kogo, usijibu. Nafasi ilikuwepo, hata alinipa yeye mwenyewe, aliacha kupukuchua akanitazama usoni.

Nilisogeza mkate karibu zaidi.

"Ulileta hata maziwa," akasema. "Mimi nilileta kiazi tu."

Akaupokea.

"Kongoi."

Shingo yangu ikawa nyepesi. Chini ya shuka aliyojitanda kitu kikatuna.

"Sasa nenda," akasema. "Kengele imekaribia."

Nilienda. Nililala vizuri pia, na hilo ndilo sipendi kulisema.

Walimkuta asubuhi ndani ya shule, ameketi kwenye dawati dogo, amesogea upande mmoja kama aliyemwachia mwenzake nafasi. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa kwangu; ilibidi wavunje kufuli. Viganja vyake vilikuwa wazi juu ya dawati, havina alama hata moja. Shingoni hakuwa na kitu. Kwenye msumari pia hakukuwa na kitu. Nilitafuta juu ya boriti, chini ya madawati, kwenye nyasi nje.

Watu waliniambia pole. Mtu wa kamati aliniomba niongeze jina la kogo kwenye ubao wa maonyesho, pale kwenye mwanga wa elimu.

Siku ya mazishi jua lilikuwa kali. Jepkemei, mjukuu wake, ndiye aliyemkuta, akamlilia kwa Kikalenjin, akamwosha. Alikuwa anagawa chai. Alipofika kwangu niliona leso, ameizungusha shingoni mara mbili, jasho linamtiririka. Vidole vyake vilikuwa vimevimba.

Alininyooshea kikombe kwa mikono miwili. Nikakishika. Hakukiachilia.

Alikuwa ananitazama mdomoni.

"Thank you," nikasema.

Alingoja bado. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Thank you, Jepkemei," nikasema tena, kwa Kiingereza changu safi, nikavuta kikombe.