Hita Iliyonguruma

Kila alasiri mshonaji aliweka kando cherehani yake na kumwandalia mama mkwe maji ya moto. Bibi huyo alikuwa na maumivu ya magoti. Maji ya moto ndiyo yaliyompa nafuu.

Hita ya maji ilikuwa imefungwa juu kwenye ukuta wa bafuni. Kwa miezi miwili ilikuwa na visa. Maji yalichelewa kupata moto. Kisha kibomba kidogo chini ya hita kikaanza kudondosha maji. Sakafu ikalowa. Siku moja bibi aliteleza, nusura avunjike kiuno.

"Hili nalimaliza leo," alisema mume wa mshonaji. Alikuwa dereva wa lori, na kwake kila kitu kilitengenezwa kwa koleo na nyundo. Alichonga kijiti, akakipigilia kwenye kile kibomba. Matone yakakoma.

Siku ya nne, hita ikaanza kunguruma.

Bibi alikuwa bafuni. Mshonaji alisikia mlio kama mawe yanayobiringika ndani ya sufuria. Hapo hapo mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yao, mzee aliyetunza mitambo ya maji moto hospitalini kwa miaka mingi. Mtaa mzima ulimwita Mzee Mvuke.

"Shikamoo, mzee."

Mzee hakuitikia. "Hiyo ni hita yenu? Nimeisikia ukutani kwangu. Nani yumo bafuni?"

"Mama mkwe."

"Mtoe. Sasa hivi."

Mshonaji akaenda kugonga. "Mama, toka tafadhali."

"Nimejipaka sabuni hadi masikioni. Na sabuni yenyewe haitoi povu."

"Toka hivyo hivyo, mama. Nakuomba."

Ngurumo ikazidi. Kitasa kikazunguka polepole. Magoti ya bibi hayakujua haraka. Mshonaji alimfunga taulo, akamshika kiunoni, wakatembea hatua kwa hatua hadi uani.

Mzee Mvuke alikuwa ameshazima swichi kuu ya umeme. Dereva akaja mbio na koleo mkononi.

"Ngoja nikachomoe kijiti," alisema.

"Kijiti gani?"

Dereva akaeleza. Mzee akamshika mkono. "Usiguse kitu. Maji yaliyomo yana moto kupita kiasi, na yanatafuta pa kutokea. Ukichomoa yatakubabua uso. Tubaki wote huku nje, hita ipoe yenyewe."

Walisimama uani. Kila mlio ulipotoka ndani, mshonaji alibana mkono wa bibi. Baada ya muda mrefu ngurumo ikapungua. Ikawa mlio wa hapa na pale. Kisha kimya.

"Mama," dereva alisema, "kijiti nilikiweka mimi."

Bibi alimtazama. "Hukutaka nianguke. Najua. Lakini ungeuliza kwanza, mwanangu."

Asubuhi, hita ikiwa baridi kabisa, Mzee Mvuke aliifungua. Ndani, koili ya kupashia maji ilikuwa imevaa ganda jeupe, nene kama kidole.

"Maji yenu ni magumu," alisema.

"Magumu vipi, na yanamwagika?" dereva aliuliza.

"Yamepita kwenye miamba na kubeba chokaa. Huioni kwa macho. Ukiyapasha moto, chokaa inaganda. Leteni birika."

Mshonaji alileta birika la umeme. Ndani, chini kabisa, lilikuwa na ukoko mweupe.

"Kumbe ndiyo maana sabuni haitoi povu," alisema bibi. "Nami nimemgombeza mwenye duka bure."

"Yanatudhuru tukiyanywa?" mshonaji aliuliza.

"Kwa kawaida chokaa hii haimdhuru mnywaji. Vyombo ndivyo vinavyoumia. Koili ikivaa ganda, umeme unaliwa na maji hayapati moto upesi. Hapa hata kidhibiti joto kimekufa, ndiyo maana hita haikujizima, maji yakachemka na kunguruma. Na kile kibomba ni cha valvu ya usalama. Maji yakizidi nguvu, yanatokea pale. Kikidondosha mfululizo, ita fundi. Usikizibe kamwe."

Dereva alinunua koili mpya, kidhibiti joto na valvu. Mzee Mvuke alivifunga, akaunganisha mpira wa kupeleka matone kwenye mfereji ili sakafu isilowe. Alishusha kipimo cha joto, kwa kuwa maji yakiwa moto sana chokaa huganda zaidi. Akawaagiza wamwite fundi aisafishe hita kila baada ya miezi sita.

Birika mshonaji alilisafisha mwenyewe. Alitia siki na maji kwa kiasi sawa, akaacha saa moja, kisha akalisuuza mara tatu. Ukoko ukatoka. Sasa hufanya hivyo kila mwezi.

Jioni ya siku ile ya matengenezo hita iliwashwa. Bibi alichukua taulo lake, lakini dereva akamzuia mlangoni.

"Naoga mimi kwanza," alisema.

Akaingia na kufunga mlango. Mama yake na mkewe walibaki nje, wakisikiliza. Yalisikika maji tu. Dereva alipotoka, nywele zikidondosha maji, alimpisha mama yake.

"Karibu, mama," alisema. "Oga taratibu."