Bangili za Xaveria Ndani ya Mzinga

Jumamosi ile nilikuwa nachambua mchele kibarazani kwangu Nakwa wakati shemeji yangu Modesti alipopita na kiroba cha koki mbovu na makufuli ya zamani, vyote vya shaba. Ilikuwa 2004, mkoa wetu wa Manyara una miaka miwili tu, na dada yangu Xaveria ana miezi mitano kaburini.

Modesti alikuwa mwalimu wa historia. Tangu afiwe alijizamisha kwenye jambo moja: mizinga ya vita ya kwanza kabisa, ile ya shaba. Aliniambia mingine ilikuwa midogo, mtu mmoja aliweza kuibeba, na kila mmoja ulikuwa na kalibu yake ya udongo, ya kumiminia shaba, iliyovunjwa baada ya kazi. Alitaka kutengeneza mmoja kwa njia ileile ya kale, wanafunzi wauone. Nilijua anakimbia kilio, nikamwacha. Kila mtu analia kivyake.

Siku ya kumaliza matanga nilimkabidhi bangili tatu za shaba za dada. Nikamwambia, hizi ni za Kindness, mwanenu, akikua azivae. Tangu hapo alitembea nazo kwenye mfuko wa koti.

Kazi ilifanyika Singe, kwa mhunzi Anselimu. Nilikuwepo, nimewapelekea chakula. Anselimu alichungulia chungu cha shaba iliyoyeyuka, akatikisa kichwa.

“Mwalimu, haitoshi. Na kalibu ikipoa, kazi ya mwezi mzima imekwisha.”

Modesti aliingiza mkono mfukoni, akatoa zile bangili.

“Hizo nazijua,” Anselimu alinong'ona. “Nilimfulia Mama Kindness mwenyewe.”

“Shemeji, usithubutu!” nilipiga kelele.

Zilishazama chunguni. Nilimtukana mpaka sauti ikakauka. Yeye alikuwa analia tu.

Mzinga ulitoka mzuri, hauzidi mkono wa mtu mzima kwa urefu. Akauweka sebuleni, chini ya picha ya harusi. Baada ya wiki moja Kindness, mtoto wa miaka saba, alinivuta gauni.

“Mama mdogo, mama yumo humo ndani. Anaosha vyombo.”

Nikainama, nikategesha sikio mdomoni mwa mzinga. Bangili zilikuwa zinagongana, kama dada alipokuwa akisugua sufuria. Zikanyamaza. Zikagongana tena.

Kesho yake mchana nikasikia Modesti anapiga yowe kwake, nyumba ya jirani. Nilikimbia pekupeku. Kindness alikuwa amepiga magoti, mkono umezama ndani ya mzinga hadi kwenye kiwiko.

Tulivuta. Haukutoka. Tukapaka mafuta ya kula. Haukutoka. Shaba ilikuwa ya baridi. Mtoto hakulia. Alitabasamu.

“Kanishika,” alinong'ona. “Usivute, baba.”

Midomo yake ikaanza kupauka. Nikaushika mkono wake wa pili. Nao ulikuwa wa baridi. Hapo nikaelewa kwamba dada hakuja kusalimia. Amekuja kumchukua.

Modesti akalala kifudifudi, mdomo wake kwenye mdomo wa mzinga.

“Xaveria, nimekosa. Zilikuwa zake. Lakini nimebaki na huyu tu, mke wangu. Mwachie.”

Bangili moja ikalia. Ya pili. Ya tatu. Mkono ukatoka.

Nilidhani mtoto atamkumbatia baba yake. Alimpiga ngumi kifuani.

“Kwa nini umemwambia aniache?”

Majuto ni mjukuu. Kila jioni, hata leo, Modesti huugonga ule mzinga kwa kidole, akategesha sikio, akangoja. Hausemi kitu tena, na moyo wangu humwonea huruma, ingawa sijamsamehe.

Kwenye mkono wa Kindness zilibaki alama tatu za kijani, za kuzunguka, kama kutu ya shaba. Tulisugua kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ya mche. Leo ni mama wa watu, mkono umenenepa, na alama zimepanuka pamoja nao.

Hajawahi kuvaa bangili maishani mwake. Lakini akiosha vyombo, mimi na baba yake tunazisikia zikigongana, na hutoka nje kwenda kulia. Yeye, aliyeachiwa na mama yake, ndiye peke yake asiyezisikia.