Koti la Njano

Kila asubuhi Chiriku aliamshwa na harufu ya mkate. Harufu hiyo haikutoka jikoni. Ilitoka kwa shangazi yake, aliyefanya kazi zamu ya alfajiri katika kiwanda kidogo cha mikate, na aliyerudi nyumbani jua linapochomoza akiwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umenawa uso?"

"Nimenawa, nimepiga mswaki, nimetandika kitanda, na leo tuna somo la kompyuta, na mwalimu alisema tulete picha, na Miwani hajui atamleta nani, na mimi…"

"Kunywa chai kwanza, hayo mengine utanimalizia."

Shuleni alikuwa na jina lake la daftarini, lakini mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliishi na shangazi tangu akiwa mdogo, kwani wazazi wake walifanya kazi mbali na walikuja wakati wa likizo tu. Kwa hiyo mwalimu wa kompyuta aliposema kila mwanafunzi atengeneze ukurasa wa kumbukumbu kuhusu mtu aliyemtendea wema, Chiriku hakuhitaji kufikiri.

Kurasa hizo zilitengenezwa kwenye kompyuta. Kila ukurasa ulikuwa na picha, maneno machache na mapambo, na zote zingeonyeshwa ukutani kwa projekta siku ya wazazi. Mwalimu alichora duara kubwa ubaoni, akaligawa kama chapati, akapaka kila kipande rangi yake.

"Rangi ni kama watu waliokaa kwa duara," alisema. "Zilizokaa jirani, kama bluu na kijani, zinaelewana bila kelele. Zilizokaa zikitazamana, kama njano na zambarau, kila moja huifanya nyingine ing'ae. Lakini ukizipa nafasi sawa zitagombana. Moja iwe mwenyeji, nyingine iwe mgeni."

Chiriku alinyoosha mkono. "Mwalimu, rangi ya damu ya mzee inakaa wapi?"

"Jirani na nyekundu."

"Na mzee mwenyewe?"

Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu naye akageukia ubao ili wasimwone akicheka.

Picha aliyopewa Chiriku ilikuwa kwenye flashi ndogo ya shangazi. Ilimwonyesha shangazi mbele ya mlango wa zahanati, ameloa chapachapa, amevaa koti kubwa la mvua la njano. Mikononi alimbeba mtoto mdogo aliyefumba macho. Mtoto huyo alikuwa Chiriku mwenyewe. Alichojua ni kwamba aliwahi kuugua sana. Kila alipouliza zaidi, shangazi alimjibu, "Siku ile ulitutia hofu," kisha akatafuta kazi nyingine ya kufanya.

"Itunze," shangazi alimwambia alipompa flashi. "Simu iliyokuwa na picha hiyo ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Imebaki hapo tu."

Chumba cha kompyuta kilikuwa na meza ndefu na mashine za zamani zilizokoroma kama watu wenye mafua. Chiriku alikaa mashine moja na Miwani, mvulana mpole asiyesema sana, labda kwa sababu jirani yake alisema kwa niaba ya wote wawili. Wiki nzima Chiriku alikuwa amepanga rangi zake, bluu nzito chini, samawati katikati na kijani cha bahari kwenye kingo. Zilikuwa rangi za jirani, na zilitulia kweli. Lakini alipoiweka picha juu yake, lile koti la njano lilionekana kama mtu aliyeingia maktabani huku akiimba.

"Badilisha hizo bluu," Miwani alisema.

"Thubutu! Nimezihangaikia wiki nzima."

Alichagua kifaa cha kupakia rangi, akalizungushia koti mstari, akabonyeza. Papo hapo koti likawa bluu. Ukurasa mzima ulitulia kama maji kwenye beseni. Chiriku alifurahi mpaka akapiga makofi. Kompyuta ilipomuuliza kama anataka picha mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani, alibonyeza ndiyo bila hata kusoma swali mpaka mwisho.

"Sasa hilo si koti lake," Miwani alinong'ona.

"Nani atajua?"

Mwalimu alipita nyuma yao, akasimama. "Aisee! Rangi zimepatana vizuri sana. Hii picha ndivyo ilivyopigwa?"

Chiriku alihisi masikio yake yanapata moto. "Ndiyo, mwalimu."

"Basi ukurasa wako ndio utakaofungua maonyesho."

Siku hiyo Chiriku alirudi nyumbani na nakala ya ukurasa wake iliyochapishwa kwenye karatasi ngumu. Shangazi aliifuta mikono yake kwa khanga kabla ya kuishika. Aliitazama muda mrefu.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Si wewe, shangazi?"

"Uso ni wangu. Koti ni la nani?"

Chiriku alianza kuvua viatu. "Labda… labda kamera ya ile simu ilikosea rangi."

Shangazi hakubishana naye. Aliiweka karatasi mezani taratibu, akavuta kigoda, akakaa.

"Njoo ukae hapa. Umeshakua, acha nikueleze. Ulikuwa na homa ya mapafu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, mto umefunika daraja, hakuna gari linalopita. Nikakubeba, nikashika njia ya juu, ile ya machimbo ya kokoto. Nilikuwa nimekuchukua moja kwa moja kutoka kiwandani, maana siku hiyo nilikuwa na zamu ya mchana, nikaenda nawe kazini. Pale mlangoni kulikuwa na makoti mawili. Langu la bluu lilikuwa chini, na juu yake lilikuwa limetundikwa la njano, la mtu wa kupokea magari ya unga. Kwa haraka niliyokuwa nayo nikavuta lililokuwa juu."

Akaikunja na kuikunjua ncha ya khanga yake.

"Mchana ulikuwa umefanya giza kwa mvua. Nikateleza, nikaanguka kando ya barabara, miguu ikagoma kabisa. Lori likaja, likanipita. Nikasema basi, mtoto ananifia mikononi. Mara nikaona limesimama, linarudi nyuma. Dereva akaruka chini. Unajua aliniambia nini? 'Dada, sikuona mtu. Niliona njano.' Ndiye aliyetufikisha zahanati, na ndiye aliyeipiga hiyo picha akanitumia, ili wazazi wako waamini kuwa tumefika salama. Ningevaa langu la bluu, mwanangu, lile lori lingekwenda zake."

Chiriku aliichukua ile karatasi mezani, akaigeuza kifudifudi.

Kesho yake hakuwa na hamu ya chai. Njiani jirani mmoja alimtania, "Leo Chiriku amemeza kokoto?" naye akapita kimya. Alikimbilia chumba cha kompyuta kabla ya kengele, akaichomeka flashi, akafungua picha. Koti lilikuwa bluu. Alijaribu kurudisha nyuma, akatafuta kila pembe ya ile flashi. Bluu. Ile picha ya kweli alikuwa ameifuta kwa kidole chake mwenyewe.

Miwani alimkuta pale akijifuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Umemwambia shangazi yako?"

"Nitamwambiaje? Atanichukia."

"Anajua koti lake lilikuwa la rangi gani," Miwani alisema. "Asichojua ni kama wewe utasema ukweli."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwa Miwani, na Chiriku aliyabeba mpaka nyumbani. Alimkuta shangazi akichambua mchele. Hakusubiri hata kuvua mkoba.

"Shangazi, nilikudanganya. Kamera haikukosea. Mimi ndiye niliyelipaka koti, kwa sababu halikupatana na rangi zangu. Halafu nikaihifadhi juu ya ile ya zamani, na sasa ile ya kweli haipo tena." Ndipo akavua mkoba. "Na mwalimu pia nilimwambia uongo."

Shangazi aliacha kuchambua. Uso wake ulibadilika, na kwa muda Chiriku aliona wazi jinsi alivyoumia.

"Imeniuma," alisema. "Sitakuficha. Ile picha nilikuwa naiangalia kila ninapoona maisha yamenishinda."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini kulia hakutairudisha. Hebu tufikiri."

Walimpigia simu baba yake Chiriku, lakini simu aliyokuwa nayo enzi hizo alishaitupa. Akabaki mtu mmoja tu. Jumamosi walivaa viatu vya kutembelea, wakaenda mpaka kwenye uwanja yanakoegeshwa malori ya kokoto. Dereva alikuwa chini ya lori lake, miguu tu ikionekana. Alipotoka alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko kilichomtangulia.

"Dada wa mvua! Na huyu ndiye yule kifurushi? Mbona amerefuka hivi!"

Chiriku alimwamkia, kisha akamweleza kila kitu mwenyewe, bila kumwachia shangazi. Dereva alisikiliza huku akifuta grisi mikononi. Halafu akapanda, akaegemea ndani ya lori, akashuka na kikaratasi kilichokuwa kimebandikwa mbele ya usukani.

"Simu nilishaibiwa, lakini hii niliichapisha. Nikichoka njiani naitazama."

Ilikuwa picha ileile, lakini jua lilikuwa limeinyonya rangi. Koti lilikuwa limepauka kama chai iliyozidi maziwa.

"Naweza kuliongezea rangi kwenye kompyuta," Chiriku alisema, kisha akasita. "Lakini safari hii nataka kuuliza kwanza. Lilikuwa la njano ipi?"

"Ya ndimu iliyoiva," alisema dereva.

"Ndimu wapi!" shangazi akamkatiza. "Kiini cha yai."

"Dada, mimi ndiye niliyeliona kwa mbali."

"Na mimi ndiye niliyelivaa!"

Walibishana mpaka mafundi wa jirani wakaja kusikiliza kesi. Mwishowe shangazi akakumbuka kwamba kiwandani bado wananunua makoti ya aina ileile. Wakarudi kwa njia ya kiwandani, na Chiriku akalishika koti lililotundikwa mlangoni, akalipeleka kwenye mwanga, akaliangalia vizuri. Lilikuwa katikati ya ndimu na kiini cha yai, kwa hiyo hakuna aliyeshinda.

Jumatatu alimfuata mwalimu kabla ya somo, akamwambia ukweli. Mwalimu alivua miwani yake, akaisafisha polepole.

"Nafasi ya kufungua maonyesho nitampa mwingine," alisema. "Hilo unalielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Vizuri. Sasa lete kiti. Kosa lako lilianza kabla ya lile koti. Ulichagua rangi unazozipenda, kisha ukailazimisha picha izitii. Fanya kinyume. Itazame picha kwanza, uione ina nini, halafu rangi nyingine zote zije kuihudumia."

Kwa kamera ya shule waliipiga picha ile karatasi waliyoiazima kwa dereva, na safari hii Chiriku alihifadhi nakala mbili kabla ya kugusa chochote. Alilirudishia koti rangi yake kidogo kidogo, akikumbuka lile alilolishika mwangani. Kisha akafuta bluu zake zote, ingawa roho ilimuuma. Kwenye duara la rangi alitafuta rangi inayotazamana na njano, akaikuta zambarau. Alijaribu zambarau kali, ikagombana na koti. Akaichanganya na kijivu mpaka ikafanana na mawingu mazito ya mvua, akaieneza ukurasa mzima. Zambarau ikawa mwenyeji, na njano ikabaki mgeni mmoja tu. Hakuongeza ua wala nyota. Chini aliandika maneno ya dereva, "Sikuona mtu. Niliona njano."

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Mapazia yalifungwa, kurasa zikaanza kupita ukutani. Miwani alikuwa amemleta bibi yake, kwa rangi za kahawia kuanzia nzito mpaka nyepesi, na watu wakapiga makofi. Ukurasa wa Chiriku ulikuja karibu na mwisho, wakati watoto wadogo wameshaanza kusinzia. Ulipotokea, wakakaa wima. Ukuta wote ulikuwa mvua, na katikati yake mtu amesimama akiwaka.

"Ndilo hilo!" ilisikika sauti kubwa ya dereva kutoka nyuma, akiwa na shati lililopigwa pasi. "Ndilo nililoliona mimi!" Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi, na Chiriku alipogeuka alimwona shangazi akijifuta macho kwa ncha ya khanga, bila kujificha.

Jioni walirudi nyumbani kwa miguu.

"Ule wa bluu ulipendeza pia," shangazi alisema. "Sitaki kusema uongo."

"Ulipendeza, lakini haukuwa wewe."

"Basi umelielewa. Ukitaka kumpamba mtu, mwache kwanza awe alivyo, kisha tafuta kinachompendeza. Na kuna jingine nataka ulishike. Ungeendelea kusema ni kamera, mimi ningefanya nini? Ningenyamaza, nawe ungebaki peke yako na bluu yako. Uliposema kweli, tukaenda pamoja kwa dereva, na mwalimu akakuambia ulete kiti. Mtu akificha kosa, hata wanaompenda hawana pa kumshikia. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi."

"Haya, twende haraka. Kesho nina zamu, na mkate haunisubiri."

Chiriku alimpokea mkoba, akamshika mkono, wakaongeza mwendo.