Chuma cha Yarow

Pikipiki ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, lakini chai ya Kulow, aliyoiweka juu ya kiti cha mashine hiyo, ilikuwa inatetemeka. Haikumwagika. Viduara vidogo tu, kimoja ndani ya kingine, kama kuna mtu anagonga kikombe kwa kucha kutoka chini.

Kulow akaichukua akainywa haraka. Akajiambia ni lori za jeshi zinapita. Akasikiliza. Hakuna lori.

Hiyo ilikuwa Garissa, mwaka wa sitini na sita, vita vya shifta, wale waasi wa msituni, vimekolea. Watu wa malisho wamefungiwa vijijini. Ukitoka mjini bila kibali unapigwa risasi kwanza, jina watauliza baadaye. Jua likizama kila mtu ndani. Usiku ulikuwa wa askari, kwa hiyo hata majini, watu walisema, wamehamia mchana.

Mwenye pikipiki ni Barre, mnunuzi wa mifugo. Mashine ya silinda mbili, tangi kubwa, ya safari ndefu: leo Wajir, kesho Griftu. Mji mzima ni yeye peke yake alikuwa na kibali cha kwenda popote. Alikipata vipi, hakuna aliyeuliza kwa sauti.

"Waryaa fundi, hii kitu inanitetemesha mpaka meno," Barre alisema alipoileta. "Ikifika maili arobaini kwa saa mikono inakufa. Nikishuka hata kifungo cha shati siwezi kufunga."

"Barabara zote?"

Barre akatazama pembeni. "Ya Balambala zaidi."

"Silinda mbili lazima inung'unike kidogo. Ni kama mama mkwe. Ikinyamaza kabisa, ujue imekufa."

"We tengeneza, wacha mdomo. Alhamisi nasafiri. Ama unataka niwaambie askari ndugu ya shifta amekataa kazi?"

Kulow akameza hiyo. Yarow, kaka yake, alitoka miezi saba iliyopita na ngamia thelathini kutafuta malisho upande wa Balambala. Hakurudi. Mji ukasema ameingia msituni na shifta, na wa kwanza kusema hivyo alikuwa huyu huyu Barre. Tangu hapo Kulow anaripoti kituoni kila Jumatatu. Na Arbia, mke wa Yarow, amekaa nyumbani hajui yeye ni mke ama ni mjane. Bila habari ya kifo, eda haianzi. Kulia hawezi, kuolewa hawezi, kungoja amechoka. Kila siku swali lake kwa shemeji ni moja: Yarow yuko wapi?

Basi, Kulow akaanza kazi kama alivyofundishwa gereji ya Mhindi mmoja Mombasa, kutoka nje kwenda ndani. Gurudumu: sawa. Cheni: sawa. Nati za fremu akazikaza zote. Kabureta mbili zinavuta pamoja kama ng'ombe wa jembe moja. Akaiwasha. Ikatetemeka vile vile.

Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini sikioni. Hivyo ndivyo fundi anasikiliza ndani ya chuma. Akasikia vali. Akasikia pistoni zikipanda na kushuka. Halafu, chini ya hizo sauti, akasikia kengele ya mbao, ile ya shingo ya ngamia. Kok. Kok. Na mtu anaimba polepole kama wachungaji wanavyoimba wakinywesha, sauti inatoka chini sana, kama mtu yuko shimoni.

"Hoo, Adey. Hoo, hoo, Adey."

Adey lilikuwa jina la ngamia wa mbele wa Yarow.

Kulow akaruka nyuma. Pua yake ikajaa harufu ya manyoya yanayoungua. Akachomoa waya za plagi zote mbili. Injini ikafa. Mtetemo haukufa.

Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama juu ya kichwa, barabara tupu. Alitaka kukimbia. Lakini fundi ni fundi. Akaanza kupapasa kwa kiganja. Tangi: kidogo. Fremu: zaidi. Akapanda juu, mpaka kile kipande cha chuma kinachoshika kichwa cha injini kwenye fremu, na hapo mkono wake ukarushwa kama umeguswa na stima.

Kipande hicho hakikuwa cha kiwandani. Kilikuwa kimepondwa kwa nyundo, kikatobolewa matundu mawili, kikapakwa rangi nyeusi. Kulow akakwangua rangi kwa kisu. Chuma kilikuwa kimesokotwa mara tatu.

Alikijua. Babu yake aliagiza kitengenezwe kutoka springi ya lori la Waitaliano, kikawa chuma cha kuchoma alama ngamia wa nyumba yao. Chuma kama hicho hakiuzwi. Hakiazimwi. Kinakaa kwa anayechunga, mpaka afe. Ukimkuta mtu mwingine nacho, hakuna haja ya shahidi.

Arbia alikuja na chakula, akamkuta amekaa chini, kisu mkononi. Akatazama Kulow anapotazama. Sahani akaiweka chini taratibu sana.

"Hiyo ni ya Yarow," alisema kwa sauti ya kunong'ona.

"Ndiyo."

"Na inatetemeka."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Alijifunika mdomo na shali, kisha akaishusha. "Mama alikuwa anasema jini wa kisima anaogopa chuma. Ukiona amekaa kwenye chuma, ujue nyumba yake imefungwa, hana pa kurudi. Kulow, kuna kisima mahali kimefukiwa."

"Nitamuua Barre."

"Utanyongwa, na mimi bado sitajua. Sikia. Mimi nataka kujua tu alipolala. Ukishajua, itoe hiyo chuma, uniletee. Usimwachie jini kisasi. Binadamu ukimlipa ngamia mia kwa damu ya mtu wake anaridhika, anarudi kwake. Jini hajui kuhesabu."

"Sawa."

"Niapie."

"Wallahi."

Alhamisi Barre alikuja mapema, amevaa koti. Kulow akamwambia, "Nimeipata, lakini lazima tuijaribu barabarani. Mimi mbele, we nyuma. Fundi lazima ashike usukani asikie kwa mkono."

"Bila kibali utapigwa risasi, mjinga we."

"Ndiyo maana nakubeba."

Barre akacheka. Alikuwa anapenda sana kukumbushwa kibali chake. Kwenye kizuizi askari waliinua mti bila hata kuuliza.

Barre alisema waende barabara ya Wajir. Kulow akakata kushoto, ya Balambala.

"Waryaa! Unaenda wapi?"

"Huku ndiko inatetemeka. Ugonjwa unatafutwa panapouma."

Mwendo wa maili ishirini, mtetemo ulikuwa kwenye vidole. Maili thelathini, kwenye viwiko. Halafu Kulow akaona kitu, kwamba haikuwa mwendo kabisa, maana alipunguza na bado ulizidi. Ilikuwa ni mahali. Akiegemea kushoto, upande wa mto, unapoa, akiegemea kulia, upande wa miba, unapanda, basi akaacha barabara akaingia kwenye miba akifuata mikono yake, kulia, kulia tena, huku Barre nyuma amemshika kiunoni anasema "Rudi, walaal, ndugu yangu, tairi itatoboka," halafu "Rudi, nakupa ngamia wawili," halafu hasemi kitu tena, anapumua tu sikioni mwa Kulow, na nyuma yao, bila upepo wowote mahali pengine, kimbunga kimoja chembamba cha vumbi kinawafuata, wakikata kinakata, wakipunguza kinapunguza, na ndani yake inasikika kengele ya mbao, kok, kok, na harufu ya manyoya yanayoungua imejaa mpaka macho yanatoa machozi, mpaka laga kavu, mto wa mchanga mtupu, ikatokea mbele na katikati yake rundo la mawe, na hapo injini ikajizima yenyewe.

Kimya. Hata ndege hakuna.

Kulow akashuka, spana mkononi. Barre akarukia mbele, akashika usukani, akapiga teke injini ikawaka. Haikusogea hata inchi. Ilitetemeka tu, inapanda, inapanda, na Barre akaanza kulia kama mtoto kwa sababu mikono haitoki kwenye usukani.

"Inachoma! Kulow, inanichoma!"

"Yarow yuko wapi?"

"Sijui!"

Kimbunga kilikuwa kimefika kwenye ukingo wa laga. Kimesimama pale, kinazunguka, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Barre. Yarow yuko wapi?"

"Hapo chini! Chini ya mawe! Alikuwa ndani ya kisima anajaza ndoo, anaimba. Nilitaka ngamia wake tu, nikasukuma jiwe moja. Moja tu, wallahi! Halafu bado alikuwa anaimba, ikabidi niongeze." Makamasi yalimtoka. "Kishikizo cha injini kilivunjika hapa hapa. Sikuwa na chuma ingine. Hii ilikuwa kwenye mfuko wake aliouacha juu. Itoe, walaal! Spana iko mkononi kwako! Ni nati mbili tu!"

Ni kweli. Nati mbili. Kulow alikuwa amepata alichokuja kutafuta. Arbia atajua, atalia, eda itaanza. Alichuchumaa kando ya injini, akaingiza spana kwenye nati ya kwanza. Barre akafumba macho, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi.

*Halafu bado alikuwa anaimba.*

Kulow akaizungusha kulia. Akaikaza mpaka mwisho. Akahamia ya pili, akaikaza pia.

Barre akafungua macho.

Kulow alitembea bila kugeuka. Vumbi lilimpita kando, la moto, likamgusa shavu kama ulimi wa ndama. Nyuma yake injini ilipanda mpaka ikawa haisikiki kama injini tena, ikawa sauti ya watu wawili, mmoja anapiga kelele na mwingine anaimba. Ikakatika. Alipogeuka hakukuwa na pikipiki, hakukuwa na Barre. Alama ya magurudumu ilienda mpaka kwenye yale mawe, na mawe hayakuwa yameguswa.

Alirudi kwa miguu akifuata mto, siku moja na nusu, anajificha kila akisikia lori.

"Yuko kisimani," alimwambia Arbia. "Upande wa Balambala."

Alilia kilio cha miezi saba. Alipomaliza alivaa nguo nyeupe ya mjane, akauliza, "Na chuma?"

"Imebaki huko."

"Imebaki na nani?"

Arbia alimwangalia, akaingia ndani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakumpelekea chakula tena.

Polisi wakauliza. Kulow akasema Barre alimshusha hatua chache mbele ya kizuizi akaendelea na safari ya Griftu. Wakaandika, wakamwacha.

Jumatano iliyofuata mke wa Barre alikuja gereji. Muslimo jina lake, mama mpole, amebeba mtoto wa mwaka mmoja mgongoni.

Akasimama mlangoni. "Kulow, we ndiye ulikuwa na yeye mwisho. Sitaki maneno ya polisi. Niambie tu. Mimi ni mke ama mjane?"

Neno lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake. Lakini akilisema, ndugu za Barre watakuja jioni hiyo hiyo.

"Sijui, walaal. Alinishusha, akaenda."

Muslimo akafuta uso. "Mtoto naye, tangu Alhamisi anatetemeka. Hana homa. Hospitali wamechoka na mimi. Nyumbani ni kidogo. Leo nimetembea naye kuja huku, kila nikikaribia inazidi."

Akamgeuza mtoto, akamleta kifuani. Alikuwa anatazama mbele, macho wazi, meno yake manne yanagongana kwa kasi. Kulow, bila kufikiri, akanyoosha kiganja kama anavyofanya kwenye mashine. Kabla hajamgusa, mtoto akatikisika mpaka mama karibu amwangushe.

Kulow akarudisha mkono. Mtoto akapoa.

Muslimo akamwangalia mtoto. Akamwangalia Kulow. Akarudi hatua tatu mpaka barabarani, juani. Mtoto akatulia kabisa, akalaza kichwa. Akaja tena hatua moja. Meno yakaanza. Hatua ya pili. Ya tatu.

"Kulow," alisema polepole, na uso wake haukuwa mpole tena. "Mume wangu yuko wapi?"